Kimya cha Mawe

Ndugu msomaji, je, mwenye elimu ana haki ya kuziba kwa dhana yake pengo aliloliona? Mwaka 2004 meli tatu zilikwenda karibu na Ncha ya Kaskazini. Mbili zilivunja barafu, na ya tatu ikatoboa mgongo wa Lomonosov ulio chini ya bahari, zaidi ya mita 400 ndani ya sakafu yake. Matabaka yaliyotolewa yalionyesha kwamba yapata miaka milioni 55 iliyopita maji yale yalikuwa na joto la karibu nyuzi 20. Ajabu iliyoje!

Lakini kwa hesabu ya wataalamu wale, matabaka ya miaka ipatayo milioni 26 hayakuwapo. Nayo ndiyo ya zama walizozitamani hasa, joto lilipogeuka baridi. Hawakubuni kitu, bali waliandika kwamba hapa pamekatika. Mtu ajazaye kwa maneno yake barua iliyopasuka, kisha akaapa kuwa ni ya mwandishi, amesema uongo hata kama amebahatisha. Mwaka 2011 wengine walipima upya, wakadai kwamba pengo ni dogo mno. Waliweza kubishana nalo kwa sababu lilikuwa limeachwa wazi.