Je, Maarifa Yanarushiwa Dadu?

Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, huchezwa kwa maneno. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na mwenzao mmoja, mwongoza mchezo, huwasimulia wanachokiona na kuamua dunia ya hadithi inawajibu vipi. Tuseme zimwi limetokea darajani, lile zimwi la mchezo huu ambalo vidonda vyake hujifunga vyenyewe visipochomwa kwa moto au tindikali. Mchezaji anayemwigiza msomi wa uchawi, mhusika aliyezeekea maktabani, anauliza: "Nalijua zimwi hili?" Anajibiwa: "Rusha dadu." Dadu ya pande 20 inaonyesha 6, anaongezewa 5 ya usomi wake, jumla 11, na iliyotakiwa ni 15. Basi halijui. Mchezo unasonga mbele na hakuna anayeshangaa, ingawa nadhani palistahili mshangao. Mhusika huyohuyo angerusha mkuki, dadu ingesimama mahali pa upepo, jasho la kiganja na zimwi kuinama ghafla, mambo ambayo kweli hayajaamuliwa mpaka mkuki ufike. Lakini kitabu cha ujanani ama alikisoma ama hakukisoma. Pale darajani, basi, inapimwa bahati ya nini?

Hesabu yenyewe inatia shaka. Kwa kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, ugumu wa 15 ni wa wastani tu. Msomi mwenye nyongeza ya 5 atafaulu mara 55 katika 100. Askari asiyewahi kufungua kitabu, mwenye werevu wa kawaida na asiye na nyongeza yoyote, atafaulu mara 30. Wakirusha wote wawili, mara 13 hadi 14 katika kila 100 msomi atabaki ametumbua macho, na askari ndiye atakayemweleza habari za zimwi. Wakusanye askari wanne wa namna hiyo, kila mmoja arushe yake, na uwezekano kwamba angalau mmoja analijua unafika asilimia 76. Ujinga wa wanne ukijumlishwa unampita mwanachuoni. Watungaji waliiona kasoro hii: toleo la tatu, la mwaka 2000, lilimwachia asiyesomea jambo yale tu ambayo kila mtu huyajua. Kilikuwa kiraka kizuri, ila kiliziba upande mmoja. Mjinga alizuiwa kujua kwa bahati, na msomi bado aliruhusiwa kutojua kwa bahati.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Theaetetus, alimfananisha mwenye maarifa na mtu aliyenasa ndege wengi akawafungia tunduni. Ndege ni wake hata kama hana hata mmoja mkononi. Akimhitaji mmoja, lazima aingie amkamate tena, na huenda akakamata siye. Mfano huu unatenga mambo mawili ambayo kipimo cha maarifa huyachanganya: kuwa na jambo na kulifikia. La kwanza ni matokeo ya maisha yote ya mtu. La pili hutokea sasa hivi, na linaweza kushindikana kwa hofu, haraka au uchovu. Yuko mtu mmoja wa kuupinga mgawanyo huu, naye ni mnyang'anyi. Imesimuliwa kuhusu Imamu Ghazali (1058–1111) kwamba ujanani, akirejea Tus kutoka masomoni Jurjan, alivamiwa njiani, akamsihi mkuu wa wezi amrudishie walau daftari zake. Mkuu akacheka: elimu gani hii ambayo mtu akinyang'anywa karatasi anabaki hana kitu? Kwa mnyang'anyi, usichoweza kukitoa wakati wa haja hukijui, na mwongoza mchezo mkali atampigia makofi. Lakini tutazame Ghazali alifanya nini na maneno yale. Alitumia miaka mitatu kuyahifadhi yote, mpaka asitegemee tena huruma ya mwizi. Usomi ni kazi ya kuipunguzia bahati nafasi yake. Mhusika aliyejengwa kwa kazi hiyo, kisha akarudishwa kwenye bahati kila anapoulizwa swali la fani yake, amenyang'anywa mara ya pili.

Kwa hiyo nasema mwongoza mchezo aanze na swali jingine: maisha aliyoishi mhusika huyu yangemfundisha nini? Akishajibu, atoe bila dadu kile ambacho maisha hayo hayangekosa kutoa. Dadu ibakie kwa yaliyo na mashaka ya kweli, kama vile kukumbuka jina la kale huku paa likiporomoka, au kupekua chumba cha vitabu kabla mlinzi hajarudi. Ndiyo maana Call of Cthulhu, mchezo wa mwaka 1981, unaporushia dadu stadi ya kutumia maktaba hauniudhi. Kutafuta ni tendo, lina muda na lina kukosa. Mtungaji wa michezo Robin D. Laws alikwenda mbali zaidi katika mfumo wake wa GUMSHOE: mwenye stadi inayohusika akiuliza mahali penye dokezo, hupewa dokezo hilo, na ugumu huanzia kwenye kulitumia. Hoja yake ilikuwa ya kiufundi, kwamba hadithi ya upelelezi hufia pale dokezo moja linapokosekana. Mimi naongeza ya kimaadili. Mhusika hana macho wala masikio. Kila alichowahi kukijua kinamfikia kwa ulimi wa mtu mmoja. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walijadili kwa karne nyingi uzito wa habari iliyopokewa kwa msimulizi mmoja. Mezani hakuna msimulizi wa pili wa kumwendea, na anayeshika nafasi hiyo akinyamaza kwa sababu ya dadu, amemfanya mwenzake mgeni katika maisha yake mwenyewe.

Atakuja mpinzani na kusema: mhusika si binadamu, hana ujana uliokamilika mahali fulani ukisubiri kusomwa. Maisha yake yanaandikwa kadiri anavyochezwa, kwa hiyo swali la kama alisoma kitabu kile kweli halijaamuliwa, na dadu inaliamua bila upendeleo. Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake naikubali. Ila ikikubaliwa, dadu imeacha kuwa mizani ya elimu na kuwa mwandishi wa historia, na mwandishi hufungwa na kurasa zilizotangulia. Ikiwa tumekwisha kusema kwamba msomi huyu alitumia nusu ya umri wake akichunguza mazimwi, dadu haina ruhusa ya kulifuta hilo. Na pale inapokuwa na ruhusa, jibu la hapana nalo liandike kitu: vitabu vya mazimwi vilifungiwa, mwalimu alikufa kabla ya somo lile. Wengine wanahofia kwamba maarifa ya bure yataua fumbo. Sioni hivyo. Aliyeambiwa kwamba zimwi huogopa moto, na mkononi ana mwenge mmoja chini ya mvua, ana hofu kubwa kuliko anayepiga panga gizani, tena ana uamuzi wa kufanya. Kutojua hakumpi mtu cha kuchagua.

Kosa la kweli, yaani kuamini lisilo kweli, ni suala gumu zaidi, na ndege wa Plato aliyekamatwa siye anatukumbusha kwamba msomi pia hukosea. Mchezaji akiona dadu yake imeonyesha 2, kisha akaambiwa kwamba zimwi hili huogopa maji, hawezi kuliamini. Mwanafalsafa Bernard Williams alidai katika makala ya mwaka 1970 kwamba mtu hawezi kuamini jambo kwa kuamua tu, na ushahidi wake uko hapa mezani. Toleo la pili la mchezo wa Pathfinder, la mwaka 2019, lina jibu: kipimo cha kukumbuka maarifa hurushwa na mwongoza mchezo kwa siri, na anayeshindwa vibaya hupewa habari za uongo. Kama dawa ya kuamini, inafaa. Je, ni halali kumdanganya rafiki? Kama wote wameikubali kanuni kabla ya kuanza, ndiyo, kwa sharti langu moja: uongo uwe na chanzo ndani ya hadithi, kitabu kibovu au mwalimu mwongo, ili anayeugundua apate wa kumfuata.

Linabaki tatizo la anayejua kupita mhusika wake. Amekwisha kukutana na zimwi hili katika michezo mingine. Dadu imesema hajui. Sasa anatakiwa aufiche moto anaoujua. Ajizuie kwa mapigo mangapi kabla mtu asiyejua kitu hajafikiria kushika mwenge? Matatu? Kumi? Kila jibu limekwisha kuchafuliwa na kujua, na kinachofuata ni maigizo ya ujinga ambayo mezani hayamfurahishi mtu. Heri kumpa mhusika maarifa hayo na kudai maelezo, kama mchezo wa Dungeon World wa mwaka 2012 unavyomruhusu mwongoza mchezo kuuliza mhusika alilijulia wapi jambo hilo. Mtasema mlango huo ni mpana mno, kwamba hata mchungaji asiyejua kusoma ataweza kudai alisimuliwa na bibi yake. Ataweza, na katika nchi yenye mazimwi madarajani, bibi asiyewasimulia wajukuu habari za moto ndiye angehitaji kuelezwa.