Ramli ya Tarakimu

Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, Ibn Khaldun anaeleza kwamba mijini hawakosekani watu wanaojipatia riziki kwa kuwatazamia wenzao yajayo, na kwamba wafalme ndio wenye kiu kubwa zaidi ya habari hizo. Anayetumia kokoto na punje za nafaka, anasema, huitwa hasib, yaani mhesabuji. Neno hilo ni ndugu wa hesabu na hisabati zetu, na linafichua jambo: mwenye hofu ya kesho humwamini upesi mpiga ramli anayeonekana kuhesabu. Leo mhesabuji huyo huitwa mshauri wa data. Je, anayemlipa ananunua nini hasa? Kwa maoni yangu, mara nyingi hanunui maarifa. Ananunua nafuu ya kutobeba uamuzi peke yake.

Itazameni hospitali ya saratani ya MD Anderson, mjini Houston. Mwaka 2012 ilianza kujenga pamoja na IBM mfumo wa kuwashauri madaktari kuhusu tiba, kwa kutumia Watson, programu iliyowashinda mabingwa wa mchezo wa maswali wa Jeopardy! mwaka uliotangulia. (Kushinda chemshabongo kukawa dhamana ya kutibu!) Ukaguzi wa mwaka 2016 ulikuta dola milioni 62 zimekwisha kutumika, zikiwemo ada nono za washauri wa mpango wa biashara. Mkataba ulikuwa umeongezwa muda tena na tena, na mfumo haujavuka hatua ya majaribio. Isitoshe, hospitali ilikuwa imehamia mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa, ambao Watson haikuunganishwa nao. Kasoro ya namna hiyo haihitaji akili bandia kuigundua. Inahitaji mtu anayejua kwamba yeye ndiye atakayeulizwa.

Atakuja mtu aseme kwamba takwimu si ramli, na atakuwa amesema kweli. Kampuni za bima zinaishi kwa takwimu. Hata wanazuoni waliokemea unajimu hawakukemea hesabu: falaki ilitumika kutafuta kibla na nyakati za sala, kwa nyota zilezile alizozitazama mnajimu. Tofauti ilikuwa kwamba hesabu ya wakati wa sala ya magharibi ilisahihishwa na jua lenyewe, kila siku, mbele ya watu wote. Mnajimu hana jua la kumsuta. Utabiri wake ukianguka, nyota ya mteja ilikuwa nzito. Utabiri wa mshauri ukianguka, data za mteja zilikuwa chafu. Data huwa chafu kweli, sikatai, lakini aliyekwisha kuipokea ada alipaswa kuzikagua kabla ya kuahidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mteja ni mtu mzima: hakuna aliyemshika mkono atie saini. Hilo nalikubali lote, na ndipo hoja yangu inapoegemea. Dhamana ya uamuzi haihamishwi kwa malipo. Mkurugenzi anayesema “ndivyo data zilivyosema” anataka atukuzwe mambo yakinyooka na asamehewe yakipinda, kama sultani aliyemtupia lawama mpiga bao baada ya vita kumshinda. Basi, wewe unayesubiriwa saini, kabla ya kuuliza bei muulize mshauri wako: ni siku gani, na kwa kipimo gani, sote wawili tutajua kwamba umekosea?