Mzigo wa Daktari Kijana



Husemwa: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Lakini watu wa Kaliua, ambao babu zao walipitiwa na misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji, wanajua kwamba mpagazi hakubeba usiku na mchana. Kambini aliutua mzigo; asubuhi mwenzake alimtwisha. Aliyejikaza asitue, alianguka njiani pamoja na mzigo wake.

Mzigo wa daktari kijana hauonekani kwa macho. Amesoma chuoni miaka 5, kisha huingia hospitalini mwaka mmoja wa mazoezi chini ya wakubwa wake. Usiku mama mzazi anamfia mikononi. Ndugu wanalia, wengine wanamlaumu. Naye, machozi hayajamkauka, yampasa kumwendea mgonjwa wa pili kwa uso mkunjufu. Kulipokucha, nani alimwuliza habari za moyo wake? Amefundishwa kushona jeraha la mwingine; la kwake hakufundishwa hata kulitaja.

Wako wasemao kuwa huo ni ulegevu. Sivyo. Mwaka 2017, mjini Chicago, Chama cha Madaktari Ulimwenguni kiliongeza katika ahadi ya madaktari kwamba daktari aitunze afya yake mwenyewe, apate kutibu vema. Bwana wetu naye, mitume waliporudi kazini, na watu wakiwasonga hata wasipate nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike. (Kweli, umati uliwatangulia hata huko, waganga wote wanaijua habari hiyo.)

Basi walimu wa udaktari walifundishe jambo hili waziwazi kama wafundishavyo dawa: kuzitambua dalili za msongo wa mawazo, kulala zamu ikiisha, kukaa pamoja baada ya kifo cha mgonjwa na kukizungumza pasipo kutafuta wa kushtakiwa, kumwendea mwenzake au padre kabla ya kuiendea chupa. Na mkubwa aanze kusema yake. Kijana hatafungua kinywa mbele ya bwana ajionyeshaye kuwa hachoki kamwe.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu. Mwana akishuka garimoshi Kaliua kwa likizo, tusimpangie safu ya wagonjwa uani siku ile ile. Apewe maji ya kuoga, ale, alale. Na jioni baba yake akae naye nje, amwulize kazi ikoje, kisha anyamaze amsikilize.