Mgeni Njoo, Mwenyeji Asikie

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husifia ukarimu, lakini ndani yake mna swali la kimaadili: kwa nini mwenyeji angoje mgeni ndipo apone? Katika sanaa swali hili huwa zito zaidi, kwani mara nyingi sauti ya jirani haisikiki mpaka isifiwe na aliye mbali. Je, thamani ya sauti hiyo huzaliwa siku inaposifiwa, au ilikuwapo tangu awali na upungufu ulikuwa masikioni?

Kisa cha bendi ya The Saints ya Australia chafaa kuwa mizani ya swali hili. Iliundwa mjini Brisbane yapata mwaka 1973 na vijana watatu wa sekondari: Chris Bailey, Ed Kuepper na Ivor Hay. Bailey, mwimbaji, alizaliwa Nanyuki, Kenya, kwa wazazi wa Kiayalandi, akaishi Belfast kabla ya kuhamia Australia. Kuepper, mpiga gitaa, alizaliwa Ujerumani. Muziki wao ulikuwa wa kasi na kishindo, na ulimwengu ulikuwa haujaupa jina. Baadaye ukaitwa panki.

Queensland ya siku hizo ilitawaliwa kwa mkono mzito na Joh Bjelke-Petersen, waziri mkuu wa jimbo hilo tangu 1968 hadi 1987, aliyepiga marufuku maandamano ya barabarani mwaka 1977. Vijana wale walipokosa ukumbi, waliigeuza nyumba ya kupanga huko Petrie Terrace kuwa ukumbi. Walipokosa kampuni ya kuwatolea santuri, waliutoa wenyewe wimbo wao "(I'm) Stranded" mnamo Septemba 1976, nakala zipatazo 500, kabla ya bendi za panki za Uingereza kutoa santuri zao za kwanza. Nyumbani wachache waliujali. Nakala zilipovuka bahari hadi London, gazeti la Sounds liliusifu mno, na ndipo kampuni ya EMI ilipowapa mkataba.

Yupo atakayesema kwamba London haikukosea kitu, kwa kuwa wimbo usio na msikilizaji ni sawa na shairi lisilopata baraza. Hoja hii ina uzito. Sanaa ni mazungumzo, na mazungumzo hayakamiliki kwa mtu mmoja. Hata hivyo, hoja hiyo yathibitisha tu kwamba msikilizaji anahitajika. Haithibitishi kwamba lazima atoke mbali.

Tena sifa ya mbali ina bei yake. Bendi ilipofika Uingereza mwaka 1977, ilitarajiwa kuvaa na kujinyoa kama panki wa London. Vijana wakakataa, walikuwa wameupiga muziki huo kabla haujawa vazi. Mwaka 1978, katika albamu yao ya tatu, "Prehistoric Sounds", waliendelea kutia tarumbeta mahali ambapo mashabiki walitaka gitaa tupu. EMI ikawaacha, na Bailey na Kuepper wakaachana. Aliyekupa jina hukudai ulivae, hata likikubana.

Mwaka 2007 wimbo ule uliingizwa katika orodha ya taifa ya sauti za kuhifadhiwa nchini Australia. Haukuwa umebadilika hata noti moja tangu 1976. Kilichobadilika ni masikio. Bailey alifariki Aprili 2022, akiwa amekwisha kuitwa mwasisi.

Basi lawama haimwangukii mgeni aliyesikia, bali mwenyeji aliyeziba masikio akingoja ruhusa. Kumsikiliza aliye karibu, angali hai na hana jina, ni deni la kimaadili, na haliwezi kulipwa kwa heshima za miaka thelathini baadaye. Msanii aweza kufanya kazi bila sifa. Vijana wa Brisbane walionyesha hivyo. Lakini mji unaongoja kuambiwa kilicho chake hupoteza kitu ambacho hakuna mgeni awezaye kuurudishia: ile miaka ambayo wimbo ulikuwa ukiimbwa mlangoni pake, na mlango umefungwa.