Saini ya Mlezi

Baada ya swala ya alasiri pale Kibuli, kijana niliyemsomesha tangu alifu kwa kijiti alinikunjulia karatasi ya kuuza shamba. Ami yake aliitia dole gumba yeye akiwa na miaka mitatu, baba amekufa. "Maalim, karatasi hii yanifunga?"

Nikamjibu kama tulivyofundishwa: walii, yaani mlezi, huuza mali ya yatima kwa maslahi ya yatima. Akibaleghe akaona amedhulumiwa, ana haki ya kudai.

Usiku usingizi ulinipaa. Tarehe 10 Machi 1900, Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, alipofunga Mkataba wa Buganda, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, naye alikuwa na miaka mitatu. Waliomtilia saini ni walezi wake: Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Sisi Waislamu tulipata fungu letu, maili 24 za mraba kwa kiongozi wetu Nuhu Mbogo na watu wake. Nasema basi kama mtu aliyekula.

Mwaka 1953 deni la saini ile lilimfikia mwana wa Chwa, Mutesa II. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alikuwa amegusia London shirikisho la Afrika Mashariki, na Baganda wakaogopa kutiwa chini ya walowezi wa Kenya. Kabaka akadai Buganda ipangiwe muda wa uhuru wake. Gavana Andrew Cohen akamtaka aahidi kwa maandishi kutoipinga Serikali. Akakataa, akisema hawezi kuliacha Lukiiko, baraza la Buganda. Tarehe 30 Novemba akapakiwa ndege kwenda Uingereza, kwa kisa cha kifungu cha 6 cha mkataba ule, cha ushirikiano wa uaminifu.

Naamini Mutesa alikuwa na haki. Kiapo alichowaapia watu wake mwenyewe, kwa ulimi wake, kilikuwa kizito kuliko wino wa walezi wa baba yake. Mahakama Kuu nayo ilisema mwaka 1954 kwamba kifungu kile kilitumiwa isivyo. Alirudi tarehe 17 Oktoba 1955.

Lakini mkataba uleule uliziacha ndani ya Buganda ardhi za Wanyoro, na mfalme wao, Kabalega, alikuwa uhamishoni. Wao hata mlezi hawakuwa naye. Sisi Baganda tuliilaani karatasi ilipotubana, tukaikumbatia ilipotupa kaunti zao za Buyaga na Bugangaizi. Mwaka 1964 wenyeji wa huko walipiga kura warudi Bunyoro, na Mutesa, sasa Rais wa Uganda, akakataa kutia saini hati ya kuzirudisha. Hapo siwezi kumtetea, ingawa nampenda.

Nimemwambia kijana aje Ijumaa pamoja na aliyenunua. Mtu huyo ana watoto watano, wote wamezaliwa kwenye shamba lile.