Sadaka na Deni

Msomaji, bila shaka umepata kumwona. Husimama karibu na kituo cha mabasi, umri wake miaka kumi au kumi na miwili, amevaa koti la mtu mzima lifikalo magotini, na ndani ya mkono wa koti ameficha chupa yenye gundi ya washona viatu. Huivuta kwa pumzi, maana hulaza njaa na kusahaulisha baridi ya usiku, ijapokuwa huharibu ubongo. Watu humwita chokoraa. Zamani chokora alikuwa mtumishi mdogo wa jikoni; na kuchokora ni kufukuafukua kitu kwa kijiti au kwa kidole. Leo jina hilo amepewa mtoto afukuaye jaa la taka. Yule wa zamani, kwa unyonge wake wote, alikuwa na jiko la kuingia.

Basi nakuuliza: tumpapo mtoto huyu shilingi kumi, je, twatoa sadaka au twalipa deni?

Usilidharau swali hili. Atoaye sadaka hutoa apendapo, kiasi apendacho, naye hungoja kushukuriwa. Alipaye deni hutoa apende asipende, wala hangoji shukrani. Nilimwona bwana mmoja akighadhibika kwa kuwa mtoto alipokea sarafu yake akaenda zake kimya. "Hana adabu," akasema. Huenda ni kweli, kwa kuwa njaa si mwalimu mwema wa adabu. Lakini ni nani amshukuruye mdaiwa wake kwa kumlipa sehemu ndogo ya deni, tena baada ya kuchelewa sana?

Utasema, deni hilo limeandikwa wapi? Limeandikwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53. Humo kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Ana haki ya elimu ya msingi isiyolipiwa na iliyo ya lazima. Ana haki ya chakula, makao na matibabu, na ya kulindwa asitelekezwe wala kutendwa ukatili. Haikusemwa "kila mtoto mwenye kwao." Sheria ya uzururaji tuliyoachiwa na wakoloni, iliyomhesabu mtu asiye na makao kuwa mkosaji, ilifutwa mwaka 1997, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ikamhesabu mtoto aombaye njiani kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Hata hivyo, watu wanaoishi mitaani walipohesabiwa mwaka 2018, wakubwa kwa wadogo, walizidi 46,000.

Wengine husema tusimpe kitu, kwa sababu atanunua gundi. Mara nyingi ni kweli, lakini hiyo ni hoja juu ya sarafu, si juu ya mtoto. Wengine husema deni ni la wazazi wake. Hoja hii ina uzito zaidi, maana Katiba yenyewe yawataka baba na mama kumtunza mtoto wao. Lakini baba akifa, au nyumba ikiwa na fimbo nyingi kuliko chakula hata mtoto akakimbia, je, deni nalo hufa? Wazee wetu hawakuona hivyo. Matanga yalipokwisha waliketi wakaulizana ni nani atakayewachukua watoto, wala hawakuondoka bila jibu. Na kifungu cha 21 kimeweka wajibu wa kuangalia mahitaji ya wanyonge, watoto wakiwamo, juu ya watumishi wote wa umma. Mwalimu wa shule ya serikali ni mmoja wao.

Hapo ndipo hoja hii inaponichoma. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, mvulana mmoja alikuja shuleni mwanzo wa muhula akitaka kusoma. Nilimfahamu, kwa kuwa kila Ijumaa kituoni nilikuwa nikimpa shilingi kumi, nami nikijiona mtu mwema. Nilimtaka cheti cha kuzaliwa, hakuwa nacho. Nilimwuliza jina la baba yake, akatazama chini. Nikamwambia, kwa upole kabisa, aende kwanza kwa chifu akaombe barua, kisha aende katika ofisi ya kuandikisha vizazi. Mimi nilizijua njia hizo, na maofisa wangalinisikiliza. Yeye angalifukuzwa mlangoni. Kumpeleka kungalinigharimu asubuhi moja au mbili. Sikumpeleka, naye hakurudi shuleni.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta kituoni, nikampa shilingi ishirini badala ya kumi. Alizipokea, akaenda zake kimya.