Pampu Tatu, Kosa Moja

Mafundisho ya Kwaresima
Masomo: Yeremia 2:13, Mathayo 5:23-24, Luka 19:1-10



Ndugu wapendwa katika Bwana, Kwaresima imetufikia tena, nasi tumeombwa tuandike neno la kuwasaidia wasomaji wa gazeti letu katika kutubu. Tulifikiri kwanza kuandika habari za kufunga, au habari za sadaka. Lakini liko jambo la mtaa wetu wenyewe ambalo halijapata kuandikwa, na kwa kuwa wako watu wanaolisimulia vibaya hata leo, tumeona ni heri liandikwe na wale waliolikosea. Jambo lenyewe ni habari ya gari.

Nabii Yeremia aliwafananisha watu wa Mungu na mtu aliyeiacha chemchemi inayotiririka, akaenda kuchonga birika lake mwenyewe mwambani. Na birika hilo lina ufa, maji hayakai ndani yake. Sisi watu wa milima ya Usambara twauelewa mfano huo upesi. Hapa Mponde hakuna mama atakayeipita chemchemi akachote maji penye birika lililopasuka. Hata hivyo sisi wa Baraza la Mtaa tulikuwa na birika la namna hiyo kwa muda wa miaka miwili, tena tulikuwa tukilizunguka na kulinung'unikia pasipo kuuona ufa ulipo.

Mtaa ulikuwa na gari moja la dizeli, kuukuu, tulilolipata likiwa limekwisha kufanya kazi nyingi mahali pengine. Padre alilitumia kuyazuru makanisa ya vijijini. Dereva wake alikuwa kijana wa hapa hapa, aliyebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa letu. Jina lake hatulitaji, wenyeji wanamjua.

Mwaka 2014 pampu ya maji ya gari hilo ilianza kuvuja. Tukanunua nyingine. Haikutimia miezi mitano, nayo ikavuja. Tukanunua tena. Miaka ile fedha zilikuwa ngumu, maana kiwanda cha chai cha Mponde kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 2013, na wakulima wengi walikuwa hawana pa kuyauza majani yao. Sahani ya sadaka ilionyesha hali hiyo kila Jumapili. Kwa hiyo bei ya kila pampu iliuma, na watu wakaanza kuulizana, "Pampu mpya inaharibikaje upesi namna hii?" Swali halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika jibu, maana tulilipokea la kwanza lililopita njiani: kwamba dereva anaziuza pampu mpya na kufunga kuukuu.

Kwa wasiojua magari, tueleze kidogo. Injini huwaka moto ndani yake, na maji ndiyo yanayoipoza. Pampu huyasukuma maji yaizunguke injini yakichukua joto, kisha yaende kwenye rejeta, ambako upepo wa feni huyapoza, halafu yarudi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi, lakini katika mwendo huo barabara hupanda karibu meta 1,000. Gari lenye mzigo, likipanda kwa gia ndogo, hupata joto jingi na upepo kidogo. Tena maji ambayo pwani huchemka kwa nyuzi 100, huku juu kama Lushoto huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ndiyo sababu rejeta ina kifuniko kizito chenye springi, cha kuyabana maji yasichemke upesi. Mambo hayo tumeyafundisha ubaoni miaka mingi, na watoto wakayajibu vema katika mitihani. Lakini tulipotoka darasani na kuingia katika kikao cha Baraza, tuliyaacha pamoja na chaki.

Basi usiku mmoja katekista wa kijiji cha mbali alileta habari kwamba mzee mmoja yu mahututi na anamtaka Padre. Padre akachukua Sakramenti na mafuta matakatifu, wakaondoka. Katikati ya mlima gari likachemka. Dereva, kwa kuwa alijua kinachongojewa, hakusubiri rejeta ipoe. Alifungua kifuniko, maji ya moto yakaruka yakamuunguza mkono. Padre akaendelea kwa miguu, akafika alfajiri. Mzee alikuwa amekwisha kufariki usiku, baada ya kuuliza mara nyingi kama Padre amefika.

Juma lililofuata Baraza likakutana. Sisi tuandikao haya tulikuwa katibu. Mtu mmoja alisema wazi yale yaliyokuwa yakinong'onwa, wala hakuna aliyedai ushahidi. Kijana aliomba nafasi ya kusema. Akaambiwa amekwisha kusema mengi. Aliweka ufunguo juu ya meza kwa mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, akatoka. Jumapili, baada ya Misa, ikatangazwa mbele ya watu wote kwamba ameachishwa kazi kwa sababu ya vipuri vya gari. Hatukutamka neno "wizi", lakini kila aliyesikia alilisikia.

Tukaajiri dereva mwingine, tukanunua pampu ya tatu. Baada ya miezi miwili tu ikaanza kudondosha maji.

Wakati huo tulikuwa na safari ya kwenda Korogwe kwa mkutano wa Kanisa, nasi tuliona aibu gari letu liache dimbwi mbele ya wageni. Mmoja wetu akasema maji yanatoka katika kitundu kidogo chini ya pampu, na kwamba tukikiziba yatakoma. Tukamwagiza dereva akizibe, naye kwa kuogopa yaliyompata mwenzake, akakiziba kwa kijiti na sabuni. Maji yakakoma kweli. Tulifika Korogwe bila aibu. Wakati wa kurudi pampu ilishikamana kabla hatujaanza hata kupanda mlima, mkanda ukakatika, gari likavutwa kwa kamba hadi Mombo.

Hapo Mombo alikuwako fundi mmoja mzee, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Alipitisha kidole chini ya pampu, akakitoa kile kijiti, akatutazama. "Mwalimu, nani ameziba hapa?" Tukakaa kimya. Akasema, "Kitundu hiki si ubovu. Aliyeitengeneza pampu amekiweka makusudi. Sili ya ndani ikianza kula, maji hutokea hapa ili yasiingie katika beringi, na mwenye gari aone, ajue. Ninyi mmemziba mdomo anayewaambia."

Kisha akafungua rejeta. Yaliyotoka yalikuwa maji mekundu kama udongo wa shamba, yenye kutu na mchanga laini. Zaidi ya nusu ya njia za rejeta zilikuwa zimezibana. Akauliza twatia maji gani. Tukamwambia: ya vijito vya kando ya njia, kwa kopo. Akauliza kama twatia kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ili kuzuia kutu na kuyafanya yasichemke upesi. Tukasema hatutii, maana ni ghali. Akafuta mikono. "Mchanga unasaga sili, kutu inaziba rejeta, joto linapanda, mipira inapasuka. Mtaniletea pampu kumi, na gari hili litazila zote kumi. Pampu zenu zilikuwa mpya, Mwalimu. Maji yenu ndiyo mabovu."

Pampu zilikuwa mpya. Maneno hayo matatu tulirudi nayo nyumbani, na usingizi haukuja. Usiku ule tulifungua kitabu cha mihtasari ya Baraza. Tulikuta mahali patatu, katika vikao vitatu, imeandikwa: "Dereva anaomba rejeta isafishwe, inunuliwe kulanti, na kifuniko kibadilishwe." Chini yake, mara tatu, limeandikwa neno moja: "Limeahirishwa." Mwandiko ni wetu wenyewe, ule mzuri tuliofundishwa Chuo cha Ualimu Korogwe, umepigiwa mstari kwa rula.

Ndugu wapendwa, katika habari hiyo twapenda kutazama mambo matatu.

La kwanza: dhambi inayorudi ina chanzo. Sisi tulibadilisha kilichoharibika, tusiguse kilichokuwa kikiharibu. Je, si ndivyo tufanyavyo katika kitubio? Mtu huenda kwa Padre kila Kwaresima na maneno yale yale. Mume mmoja aungama kwamba amemtukana mkewe. Apewa ondoleo, arudi nyumbani, na kabla ya Pentekoste amemtukana tena. Hajapata kuungama kwamba fedha za mavuno huzificha, na kwamba matusi huanza kila mkewe anapouliza fedha ziko wapi. Ondoleo alilopewa ni la kweli, kama pampu zile zilivyokuwa mpya kweli. Lakini amelifunga juu ya maji machafu. Tusiseme basi kwamba neema ya Mungu haikai. Tuulize kwanza twaishi kwa maji gani.

La pili: tusimzibe mdomo anayetuambia. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo ni kweli kwa ukuta. Lakini kuna uvujaji mwingine ambao ni rehema. Dhamiri inayokuchoma usiku haikuwekwa na adui. Aliyekuumba ameiweka hapo makusudi, ili maji yatoke nje yaonekane kabla hayajaingia katika beringi. Waweza kuiziba kwa pombe, kwa kelele, hata kwa kazi nyingi za Kanisa, na utafika mkutanoni bila aibu. Lakini utarudi ukivutwa kwa kamba. Tena Mungu hatumii dhamiri peke yake. Katika Baraza letu alimweka mtu mmoja wa cheo cha chini kuliko wote, aliyeujua ubovu na kuusema mara tatu. Mfalme Daudi alipoambiwa ukweli na Nathani alisema amekosa. Sisi tulipoambiwa, tuliandika "Limeahirishwa".

La tatu: toba haikamiliki mpaka imemfikia uliyemkosea. Tulipokwisha kuujua ukweli, wazee watatu tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Tulikwenda usiku, na sababu tuliijua: tulitaka watu wasituone. Alitukaribisha jikoni, kwenye moto, akatuamkia kwa adabu, mkewe akatupa chai. Alama ya maji ya moto ilikuwa bado mkononi mwake. Tukamweleza yote, tukamwomba radhi. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Wazee wangu, nimewasamehe. Lakini mlinifukuza mbele ya watu, na radhi mnaniletea jikoni."

Hatukuwa na jibu. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende kwanza akapatane naye. Na Zakayo hakutubu kwa kunong'ona. Alisimama mbele ya wale wale waliomjua, akasema atarudisha mara nne. Basi Jumapili iliyofuata, kabla ya matoleo, tulisimama mbele ya watu tukasoma ile mihtasari mitatu kama ilivyoandikwa, tukasema ni nani aliyekosa. Mshahara wa miezi aliyokaa bila kazi tulimlipa kwa mafungu, na ulichukua muda kuliko gharama ya kuisafisha rejeta. Kazini hakurudi, alikuwa amekwisha kupata riziki nyingine. Lakini Pasaka ile alipiga magoti penye meza ya Bwana pamoja na mkewe, baada ya kukaa nje zaidi ya mwaka mmoja.

Tulikwenda pia kwa watoto wa yule mzee. Walitupokea vema. Lakini lile hatukuweza kulirudisha mara nne, wala mara moja. Tumelikabidhi kwa rehema ya Mungu, asiyechelewa kufika kwa sababu ya gari la mtu. Liko dhambi ambayo husamehewa, na bado kilichopotea hakirudi. Tusijidanganye kwamba kuahirisha hakugharimu mtu.

Basi twaandika wazi, ili yeyote anayenong'ona asome: dereva yule hakuiba pampu, wala senti moja. Waliokosa ni sisi.

Ndugu, kabla hamjaenda kwa Padre Kwaresima hii, kaeni kimya kidogo mjiulize swali hili moja: ni nani aliyeniambia mara tatu, nami nikaahirisha? Labda ni mkeo, labda ni mtoto, labda ni kibarua wako. Mwendee huyo kwanza, tena usiende usiku.

Ee Bwana, uliye chemchemi isiyokauka, utusafishe ndani kabla hujatutengeneza nje. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo uliowatuma kwetu, na miguu ya kuwaendea mchana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.